Imakum

Katika boma la Gicheru, nje kidogo ya Kitale ukielekea Endebess, kila mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake. Wacuka, mke wa Gicheru, alikuwa Mama Kiragu. Jirani wa karibu alikuwa Mama Ngige, na yule wa ng'ambo ya seng'enge Mama Chepkemei. Mukami peke yake ndiye aliyeitwa Mukami. Hakuwa na mtoto wa kumpa jina, na watu wa pale, ambao siku za mazishi huwa na huruma ya kumwaga, siku nyingine walilitamka jina lake tupu kwa namna iliyomfanya ajione amesimama mbele yao bila leso.

Mukami alikuwa dadake Gicheru, baba mmoja, mama mmoja. Aliwahi kuolewa Bungoma na Makokha, mwenye kinu cha posho. Miaka ikapita bila mimba, Makokha akaleta msichana aitwaye Viola, mimba ikiwa imetangulia mbele. Mukami alikunja nguo zake akarudi kwao. Gicheru alimpokea kwa maombi marefu na kumpa kile kinyumba cha chini, pembeni mwa shamba, walikokuwa wakilala vibarua wakati wa kuvuna mahindi. Mukami alikisiriba upya, akapanda sukuma wiki nyuma yake, na akajiambia kwamba Bungoma, chini ya Viola, hatarudi hata kwa kamba.

Msomaji asiharakishe kumpenda Gicheru. Alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti laini, mtu ambaye hata akikukanyaga anakuombea mguu upone. Ile pembe ya shamba aliitaka kwa ajili ya nyumba ya mwanawe Kiragu. Lakini ardhi ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yao, na sheria ya siku hizi haibagui binti. Akimfukuza dadake kwa kelele, dadake ataenda kwa chifu, na chifu akianza kuuliza maswali hajui atakomea wapi. Kwa hiyo Gicheru alinyamaza na kungoja, huku Wacuka akimpimia wifi yake unga kwa masimango.

Ndipo akaja Bramwel.

Bramwel alikuwa kijana wa Kimilili aliyekuwa akisomea udaktari, si wa sindano bali wa vitabu, ingawa Wacuka hakujali tofauti hiyo na alimwonyesha goti lake linalouma. Chuo kilimtuma na sola za aina mpya zijaribiwe kwenye mvua za huku juu. Siku ya kwanza alizungumza na Gicheru peke yao kando ya ghala la mahindi, kwa kuwa shamba lilikuwa lake. Mukami, akichuma mboga, aliwaona kwa mbali. Bramwel alikuwa ameegemeza vitu viwili vyeusi ukutani, na Gicheru alivitazama kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anayechagua jogoo. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kinyumba cha chini.

Sola iliyoletwa kwa Mukami ilikuwa ya plastiki, nyeusi tititi, nyepesi hata ungeweza kuikunja kama kalenda ya mwaka jana. Bramwel alimweleza yeye na Wacuka akiwa amechuchumaa uani, kwa lafudhi ya kwao inayochanganya l na r.

"Hii si sora ya kawaida, mama. Ire ya zamani ni sirikoni, inapikwa kwa moto kari sana, ndiyo maana ni nzito na ni ghari. Hii inaitwa perovskaiti. Tunachanganya chumvi fulani inakuwa kama wino, tunapaka, inakauka. Huo weusi ndio unakura jua. Ni nyembamba kuriko nywere yako."

"Na ni mbaya kwa nini?" Wacuka aliuliza. Alikuwa na kipaji cha kufika haraka kwenye ubaya.

"Adui yake ni maji. Unyevu ukiingia ndani, weusi inageuka manjano, na manjano haitengenezi stima. Arafu iko na risasi kidogo, kidogo sana. Kwa hivyo hii maji ya mvua kutoka hii paa, msikunywe."

Risasi aliyoisema Bramwel ni yale madini mazito yaliyomo kwenye betri ya gari. Wacuka alilijua hilo, kwa sababu aliuliza na akajibiwa. Lakini Jumapili iliyofuata, kwenye mkutano wa akina mama, alisema Mukami amewekewa risasi juu ya paa na analala chini yake. Katika upande ule wa nchi, watu walivyoona vita kule mlimani, hilo si neno la kuchezea, na kina mama kadhaa walishika vifua.

Jumapili hiyohiyo Gicheru aliwaita wazee wa kanisa waje wabariki taa ya dadake. Wakanywa chai na mikate, wakaomba, kisha Gicheru akasimama na kushika kofia yake kwa mikono miwili.

"Huyu ni damu yangu," alisema. "Watu wanasema ati nataka kumfukuza. Mimi? Sitamfukuza. Wacha Mungu mwenyewe aamue. Hiyo taa ikiwaka, yeye akae, hakuna mtu atamuuliza. Lakini siku itazima, ajue Mungu amesema arudi kwa bwanake. Ama namna gani, Mukami?"

Wazee walipiga makofi. Mukami alitazama sola iliyolala juu ya mabati yake, akafikiria sola zote alizowahi kuzijua. Ile ya katekista iliwekwa watoto wakiwa darasa la kwanza, na sasa watoto hao wana watoto. Taa ya jua haizimi, ila iibwe. Akaona kakake amempa kiwanja bila kujua.

"Ni sawa, Baba Kiragu. Nimekubali."

"Sema tena wazee wasikie."

Akasema tena kwa sauti, mwenyewe, kwa kinywa chake.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa mitamu, na ni haki isemwe hivyo kwa sababu baada yake hakuna utamu mwingine. Kinyumba cha vibarua kilikuwa na mwanga mweupe kushinda nyumba kubwa, ambako umeme wa serikali ulikuwa ukipotea kila mawingu yakikohoa. Mama Ngige alileta simu yake kuchajiwa, akakaa, akasimulia. Mama Chepkemei alileta simu na maziwa mala. Wakazoea. Na siku moja Mama Ngige, akiwa mlangoni, aliita bila kufikiria, "Mama Sola, uko?" Mukami alikuwa akikoroga uji. Aliacha mwiko ukazama humo, akakaa kwenye kigoda na kulia kwa furaha, kisha akaitika, "Niko, ingia."

Halafu wezi wakachacha. Upande wa Moi's Bridge mwalimu mmoja aliamka akakuta paa lake tupu, sola imeondoka na nyaya zake. Mukami hakupata raha tena. Taa hiyo haikuwa taa tu, ilikuwa ndiyo kukaa kwake pale. Akawaza afanye nini, na akawaza vile ambavyo mwanamke yeyote wa pale angewaza: ni kuandika jina.

Wanawake wa Kitale hawaamini kitu kisicho na jina. Sufuria ikienda mazishini bila jina, hesabu imezikwa na marehemu. Kwa hiyo kila sufuria, kila beseni, hugeuzwa matako juu na kugongwa msumari, tundu baada ya tundu, mpaka jina la mwenyewe litokee. Rangi hufutika lakini tundu halifutiki. Sufuria zote za boma lile zilisema MAMA KIRAGU, hata ile aliyopikia Mukami. Kitanda chake kilikuwa cha marehemu mama, jembe lilikuwa la Gicheru. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kuwa na kitu cha kugongea msumari.

Hakuwa mjinga. Kwanza alimpigia Bramwel simu.

"Daktari, wezi wamezidi huku. Nataka kuandika jina kwa hii sola."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watu na muziki. "Andika tu, mama," Bramwel alisema. "Haina shida."

"Na niandike na nini?"

"Tumia chenye unataka, mama. Andika tu." Akacheka kidogo na kukata.

Mukami alipanda kwenye kigoda, akafungua kamba nne, akaishusha sola. Kwenye pembe moja aliona doa la manjano, dogo kama ukucha. Alidhani ni kinyesi cha ndege, akalifuta kwa ncha ya leso. Halikutoka. Hakulishughulikia zaidi, kwa kuwa alikuwa na kazi muhimu. Alitandika gunia kwenye nyasi, akailaza sola kifudifudi, maana mvua hupiga uso na si mgongo, akachukua msumari na jiwe. Alifikiria kuandika MAMA SOLA, akaona haya, ni kama kujivika nguo ya kuazima. Akagonga polepole, tundu baada ya tundu, herufi kubwa za kusomeka, MUKAMI. Alipomaliza alipitisha kidole juu ya jina lake mwanzo hadi mwisho. Kisha akairudisha paani, na msumari akaufunga kwenye ncha ya leso, kwa kuwa kitu kilichokufaa hakitupwi.

Mvua ya Kitale ikaanza kunyesha kwa bidii.

Nyumba kubwa ilikuwa juu ya mteremko, na kutoka mlango wa jikoni wa Wacuka uliweza kulitazama paa la Mukami kama sinia. Asubuhi moja Wacuka alisimama pale na kikombe chake cha chai, akapaza sauti mpaka kwa majirani.

"Mukami! Kuja uone! Sola yako imeota upele!"

Mukami alipanda mteremko akaangalia. Kwenye weusi palikuwa na vidonda vidogo vya manjano, vimepangana. Kila siku ya mvua viliongezeka, vikaungana, vikawa mistari, na mistari ikawa herufi. Lakini ukiandika mgongoni mwa kitu, maandishi yakitokea mbele huwa yamegeuka. Na jina la Mukami lina kisirani chake. Ukiondoa hiyo K, herufi zake zote ni zilezile ukizitazama kutoka upande huu au ule. Kwa hiyo lilisomeka vizuri kabisa, ila kinyume, K yake pekee ikiwa imegeuza mgongo. Wacuka, aliyesoma hadi darasa la saba na kujivunia kila darasa, alilisoma kwa kidole hewani.

"I-ma-kum. Imakum! Wuui, Baba Kiragu, kuja uone dadako amejiita Imakum!"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Watoto wakalidaka. Kufikia Jumapili Mukami hakuwa tena Tata Mukami kwao, yaani shangazi Mukami. Alikuwa Tata Imakum. Walimwita hivyo kisimani na njiani, na hata aliyemheshimu alilitamka kwa bahati mbaya, kwa sababu lina ladha mdomoni. Jina la Mama Sola lilikufa kimyakimya. Wacuka aliwaambia kina mama kwamba risasi zimeanza kumwagika, angalieni zilivyo za manjano, na nani atapeleka simu yake huko ailete nyumbani kwa watoto? Mama Ngige alikuja siku moja kuichukua chaji yake aliyoisahau. Alisimama nje ya mlango.

Taa ikafifia. Mukami alishusha sola akaziba matundu kwa nta ya mshumaa, kisha kwa selotepu, kisha kwa gundi ya viatu. Akaikausha jikoni, akaifunika kwa nailoni mvua ikinyesha, na hapo bila shaka haikuona jua. Alizungumza nayo. Aliiomba msamaha, maana hakuwa na mwingine wa kulaumu. Mwanamke aliyeachwa humlaani mume, na asiye na mtoto humlilia Mungu. Yeye alitazama mkono wake mwenyewe wa kulia, mkono ulioshika jiwe.

Ilipozima kabisa Gicheru hakupiga kelele. Aliwaita tena wale wazee, na akamwita Bramwel. Bramwel aliishusha sola, akaigeuza, akaipiga picha mbele na nyuma.

"Daktari, waambie wazee," Gicheru alisema kwa upole. "Ni nini iliua hii taa?"

Bramwel aliangalia viatu vyake. "Maji iriingia. Kwa hizi matundu, maji iriingia."

"Kwa hivyo ni jina lake."

"Matundu iriingiza maji, ndiyo."

"Si wewe uliniambia niandike!" Mukami alisema. "Si ulisema nitumie chenye nataka!"

"Niridhani ni karamu, mama," Bramwel alisema, bado akiongea na viatu.

Wazee walitikisa vichwa. Mmoja alisema kiburi cha jina ndicho kilichoangusha hata malaika, na wengine wakaona amesema neno. Gicheru alimshika dadake bega na kuomba, akimwomba Mungu amsafirishe salama. Wacuka tayari alikuwa amesimama mlangoni mwa kinyumba, akipima kwa macho palipofaa dirisha la Kiragu. Mukami hakwenda kwa chifu. Angemwambia nini? Alikuwa amekubali mara mbili kwa sauti, na taa aliiua mwenyewe.

Gicheru alimpeleka Bungoma kwa pikapu yake, tena bila kuombwa. Makokha aliwapokea mbele ya kinu, nyusi zimejaa unga.

"Mahari pako papo tu, Mukami. Pare nyuma," alisema, akielekeza stoo ya magunia iliyoegemea jikoni.

"Mahari tulimaliza zamani, shemeji," Gicheru alimtania. "Sasa ni mahali." Wakacheka wote wawili, wakapigana mikono, wakaingia ndani kunywa chai. Mukami alibeba begi lake hadi stoo.

Juu ya nyumba ya mbele, nyumba waliyoijenga yeye na Makokha walipooana na sasa ilikuwa ya Viola, palikuwa na sola. Nyeusi tititi, weusi uleule alioujua. Ila hii ilikuwa imebanwa katikati ya vioo viwili, pembe zake zimezibwa kwa kitu kama lami, na kwenye fremu ya chini, kwa rangi nyekundu ya kucha, paliandikwa VIOLA. Waya mmoja ulikuwa umevutwa hadi sebuleni, mwingine chumbani. Kuelekea stoo hapakuwa na waya.

"Daktari ariniretea," Makokha alisema alipoona anavyotazama. "Na usikie vizuri. Kazi yako hapa ni hiyo sora. Utapanda kira wiki kuipangusa vumbi ya kinu. Nirisikia vire uriua ya kwenu. Hii ikizima, utatafuta mahari pengine, na mimi sijui ni wapi."

Viola hakuwa mbaya, na hapo ndipo palipouma. Alimwita dada mkubwa na kumgawia nyama. Siku moja, akimchana nywele bintiye Peris, aliuliza kwa upole wa kweli, "Lakini dada, msumali? Kwa sora? Uriwaza nini?" Hilo lilikuwa swali la Mukami pia, kila akilala juu ya magunia.

Mvua zilipokwisha Bramwel alifika Bungoma kuonyesha majirani sola iliyoshinda majira ya mvua. Makokha alialika watu, Viola akapaka watoto mafuta, Mukami akapewa birika. Alipoingia sebuleni na chai, Bramwel alikuwa amewapa mgongo walioketi mlangoni, kompyuta yake mezani, watu wamemzunguka. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na picha ya sola nyeusi yenye herufi kubwa za manjano.

"Someni," Bramwel alisema akicheka. "Nani atasoma?"

"I-ma-kum!" Peris alisoma. Sebule nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja aliyeitwa Wekoye aliuliza kama hilo ni jina la kampuni, wakacheka upya, na Viola alicheka pia kabla hajamwona aliyeshika birika.

"Sasa musiogope," Bramwel aliendelea. "Si jina iriua. Hiyo ya plastiki turijua itakufa tu. Hiyo hatukuziba pembe vizuri, turifanya makusudi. Razima ukuwe na moja ya kufa ndiyo ujue ingine inaishi kwa nini. Hii jina irifanya ikufe mapema wiki chache hivi, basi. Manjano irianzia kwa pembe, oneni."

Akasogeza kidole, picha ikakuzwa. Pale kwenye pembe, mbali kabisa na herufi, doa lilikuwa limekua likawa upana wa kiganja. Mukami alilifahamu. Alilijua lilipokuwa dogo kama ukucha, kabla hajaokota jiwe. Akaweka birika chini.

"Daktari," alisema.

Bramwel aligeuka, kicheko kikamkauka. Watu walimpisha, nusu kwa adabu na nusu kwa hamu.

"Ulijua itakufa?"

"Mama... ndiyo ririkuwa jaribio renyewe."

"Na siku ile ya wazee ukanyamaza."

"Mzee aritaka nijibu ya matundu peke yake. Na matundu iriingiza maji, mama, mimi sikudanganya."

"Baba Kiragu alijua?"

Bramwel alimtazama Makokha, Makokha akatazama dari. "Yeye ndiye arichagua," Bramwel alisema. "Nirikuwa na mbiri. Nirimwambia hii ya kioo itakaa, hii ya plastiki haimarizi mvua. Akasema ya plastiki ikae kwake, kwa nyumba ya chini. Hii ya kioo akaniambia nirete hapa kwa shemeji yake."

Mukami alitoka uani, akampigia kakake. Alikuwa na hasira, hasira safi, ya kwanza tangu aondoke Kitale. Gicheru aliitika kwa sauti yake ileile ya ibada, na alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mukami," alisema, "mimi nilikuambia ukae mpaka taa izime. Nilikuambia itawaka miaka ngapi? Sikudanganya mtu."

"Ulinifanya niape mbele ya watu, na ulijua!"

"Na ile nzuri nilipeleka wapi? Si nilitanguliza kwa boma ya bwanako, ndio akupokee? Ungerudi mkono mtupu angekufungulia mlango? Wewe ungenishukuru." Nyuma yake Mukami alisikia nyundo zikigonga mabati, na sauti ya Wacuka ikiuliza, "Ni Imakum? Msalimie!" Simu ikakatwa, na hakuna aliyeipiga tena.

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, lakini hawasemi ufanye nini ukishakiona. Mukami alisimama uani akiishika ncha ya leso yake. Msumari ulikuwa bado umo ndani ya fundo.

Wageni walitoka kuja kuiona sola yenyewe. "Mukami," Makokha aliita, "panda upanguse, watu waone vizuri."

Ngazi ilikuwa imeegemezwa. Alipanda na kitambaa, watu wote chini wakimtazama. Kioo kilikuwa cheusi na safi kiasi cha kumwonyesha uso wake. Alifungua fundo la leso kwa kidole kimoja, akaugusa msumari. Pigo moja tu la kiganja lingetosha, ufa, kisha mvua ingefanya yaliyobaki, na weusi wa Viola ungegeuka manjano kama wa kwake. Alitaka hivyo kwa moyo wake wote. Kisha akaiona stoo ya magunia kutoka kule juu, paa lake la mabati makuukuu, mahali pake pekee palipobaki duniani. Taa hii ikizima, ni yeye anayezima nayo. Alilifunga fundo tena.

Akapangusa. Alianza juu akashuka, akaondoa vumbi la kinu, akafika kwenye fremu na kulifuta jina la Viola mpaka wekundu wake ukang'aa. Mzee Wekoye alisema huyo mama anajua kazi. Bramwel alimpiga picha.

"Imakum!" Peris alimwita kutoka chini, kwa furaha ya mtoto aliyejifunza neno jipya. "Umesahau pembe!"

Mukami aliangalia. Kweli, kwenye pembe ya juu palikuwa na doa la manjano, dogo kama ukucha. Hakujua kama anaomba liwe lenyewe au lisiwe. Alijinyoosha juu ya mabati yenye moto, akalisugua kwa kitambaa. Lilikuwa kinyesi cha ndege, likatoka.